Hewa ya kompresa ndani ya kabati la umeme ni hatari

Na Mwandishi Wetu

MASHINE nyingi za viwandani, ziwe za kujaza soda, kufunga sabuni au kupakia saruji, hutumia nguvu mbili kwa pamoja: umeme unaotoa amri na hewa iliyoshindiliwa inayosukuma mikono ya mashine. Nguvu hizo hukutana kwenye valvu ya solenoidi, kifaa kidogo chenye koili ya umeme, mara nyingi ya volti 24, kinachofungua na kufunga njia ya hewa.

Kwa kuwa valvu hiyo ina nyaya, baadhi ya mafundi huifunga ndani ya kabati la umeme pamoja na fyuzi na kontakta. Nyaya huwa fupi, vumbi halifiki na kazi huonekana nadhifu. Unadhifu huo una gharama yake.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1, kinachohusu umeme wa mashine, kinashauri valvu za solenoidi zitenganishwe na vifaa vingine vya umeme, kwa mfano katika sehemu yake ya pekee. Kile cha Marekani, NFPA 79, ni kikali zaidi, kwani kinakataza mabomba ya hewa, gesi na vimiminika ndani ya makabati hayo, isipokuwa katika hali chache.

Adui mkubwa ni maji. Kompresa inayofikia psi 100 (tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hadi 35 tu) hushindilia takriban mita nane za ujazo za hewa ziwe moja. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, hewa hiyo huwa na gramu 190 hivi za mvuke. Ikipoa na kurudi kwenye joto hilo, huweza kubakiza gramu 30 tu. Zinazosalia hugeuka maji. Pasipo mashine ya kukausha hewa, maji hayo, pamoja na mafuta ya kompresa, husafiri hadi kwenye valvu.

Bomba likivuja kabatini, vituo vya nyaya hulowa. Umeme ukipita njia isiyo yake, valvu inaweza kufunguka bila amri na silinda kusogea ilhali mkono wa mfanyakazi umo ndani ya mashine. Aidha, kabati lililozibwa barabara huweza kujaa shinikizo, na mlango ukamfyatukia anayeufungua.

Njia bora ni kufunga valvu nje, karibu na silinda, katika kisanduku chake. Mahali pasipowezekana, zitengwe kwa ukuta wa chuma, na hewa inayotoka kwenye valvu ipelekwe nje ya kabati kwa bomba.

Kuzima swichi kuu ya umeme hakuondoi hewa iliyobaki kwenye mabomba. Kwa hiyo mashine huhitaji pia valvu ya mkono ya kukata na kutoa hewa, yenye tundu la kufuli, na ufunguo hukaa na fundi hadi amalize kazi.