Wapiga Tarumbeta wa Nyanda za Juu

Katika vitabu vya miaka iliyopita tuliandika habari za barabara, shule na masoko ya nyumbani. Safari hii tumechagua tarumbeta. Sababu yake kila mmoja wetu aishiye mbali anaijua: gari lililobeba mwili likiacha lami na kuingia njia ya vumbi, katika vijiji vyetu vingi sauti ya kwanza kusikika, kabla hata ya vilio vya mama zetu, ni tarumbeta.

Chombo hiki kilikuja na misheni. Mwaka 1891 wamishonari wa Moravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo wenzao wa Misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa, wakaendelea baadaye hadi Ubena na Uhehe. Kwa Wamoravian tarumbeta haikuwa pambo la ibada. Kwao Herrnhut, Ujerumani, tangu karne ya 18, wapigaji ndio waliotangaza msiba, na alfajiri ya Pasaka walisimama makaburini wakilisubiri jua. Watu wetu waliipokea desturi hiyo bila shida. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi Unyakyusa katikati ya miaka ya 1930, ameeleza jinsi wanaume walivyocheza msibani kwa ngoma na mikuki. Watu waliozoea kuwasindikiza wafu wao kwa kishindo hawakuona ajabu kuona shaba makaburini.

Aliyewahi kusimama na wapigaji alfajiri ya Pasaka, Tukuyu au Njombe, anaijua kazi yenyewe. Shaba ikiwa baridi sauti yake hushuka, na kila chombo hushuka kwa kiasi chake, hivyo wimbo huanza ukiwa umepinda. Ndiyo maana wapigaji huonekana wakipuliza pumzi tupu ndani ya vyombo vyao, bila kutoa sauti, huku mchungaji akisoma. Wageni hudhani wanapasha mikono moto.

Wajerumani waliondolewa mwaka 1916 wakati wa vita, wakarudi miaka ya 1920, na vita vya pili vilipoanza wakaondolewa tena. Mara zote mbili nyimbo zilibaki mikononi mwa wenyeji. Mzee alimfundisha kijana, kijana akamfundisha mdogo wake, kwa do-re-mi na kwa kusikiliza.

Lakini kanisa halikuwa mlango pekee. Kutoka pwani ilikuja beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, yenye vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti, na vyeo vya kujipa kama Mfalme na Gavana. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliisambaza Tanganyika nzima mpaka Nyasaland. Beni ilitaka tarumbeta, na tarumbeta ya shaba ilikuwa ghali. Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa walipata jibu zuri kuliko yote: malipenga. Walichukua kibuyu, wakatoboa tundu na kulifunika kwa utando wa buibui. Malipenga hayapulizwi, huimbiwa. Mchezaji huimba ndani ya kibuyu, utando hutetemeka, na sauti hutoka kama ya bendi nzima ya KAR ikipita. Kwa maoni yetu huo ni ufundi usiopungukiwa na chochote mbele ya vali tatu za Mzungu, na inasikitisha kwamba watoto wetu huuonyeshwa kama kichekesho cha sherehe za shule.

Kufika katikati ya karne, basi, kijana wa Nyanda za Juu mwenye mdomo mzuri alikuwa na njia kadhaa. Mji wa Mbeya, ulioanza mwaka 1927, ulikua kwa dhahabu ya Lupa, na palipo na wachimbaji wenye mshahara pana dansi. Wengine waliingia KAR, wakaenda mpaka Burma, wakarudi mwaka 1945 wakiwa wamezisikia bendi za kila taifa. Wengine walikwenda migodini Rhodesia na Afrika Kusini, wakarudi na gramafoni na santuri. Humo mlikuwa na zile za GV kutoka Kuba, ambazo tarumbeta yake ilijibizana na mwimbaji kama watu wawili wanaotaniana. Zilikuwepo pia za jirani. Skokiaan ya August Musarurwa wa Bulawayo ilivuma duniani mwaka 1954, hata Louis Armstrong akairekodi, na alipozuru Afrika mwaka 1960 akakutana na Musarurwa mwenyewe. Mpiga tarumbeta mashuhuri kuliko wote duniani alikuwa amejifunza wimbo kutoka kwa mwanamuziki wa Kiafrika. Kwa vijana waliokuwa wakijaribu tarumbeta nyuma ya kanisa, hiyo haikuwa habari ndogo.

Ila mpiga tarumbeta wa dansi alihitaji mji mkubwa. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu 1932, Morogoro walikuwa na Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaunda NUTA Jazz, bendi ambayo wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Tarumbeta ya Joseph Lusungu katika NUTA iliingia kila nyumba yenye redio. Vyombo, hata hivyo, vilikuwa mali ya chama. Mpigaji akiacha kazi aliacha na tarumbeta. Iringa ilisubiri mpaka miaka ya 1980 ndipo ikapata bendi iliyotikisa nchi, Tancut Almasi, chini ya kiwanda cha kukata almasi, pamoja na ndugu pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Nayo ilifuata njia ile ile: kiwanda kilipoyumba, bendi ikayumba.

Tukilinganisha, tunaona jambo ambalo wengi wetu hatukulitia maanani tulipokuwa vijana. Tuliwasifu waliosikika redioni. Yule aliyebaki kijijini, akalima kahawa au chai juma zima na kupiga Jumapili, tulimwona mtu wa kawaida tu. Hakulipwa. Msibani alipewa ugali kama waombolezaji wengine, na pengine alitembea saa mbili kurudi kwake, tarumbeta imefungwa kwenye kanga ya mkewe isilowe mvua. Lakini huyo ndiye aliyedumu. Bendi za mjini zimekufa na kufufuka kwa majina mapya. Yeye ametuzika wazazi wetu.

Sasa naye anachoka. Tulipopita vijijini mwaka huu tuliona tarumbeta zilizozibwa kwa risasi ya fundi baiskeli, vali zilizokwama, na trombone moja ambayo mrija wake hausogei tena, hivyo mwenyewe hupiga noti zile tu anazozipata. Vijana wapo, wanataka. Ila mdomo wa mpigaji hulegea ukikaa bila mazoezi, na chombo kimoja kwa vijana sita hakitoshi kuukaza mdomo wa hata mmoja. Wengi wamehamia kwenye kinanda cha umeme, ambacho makaburini hakina pa kuchomekwa.

Chama chetu kilianza kama mchango wa kusafirisha marehemu kurudi nyumbani, wanachama wakongwe wanakumbuka. Kwa hiyo katika harambee ya mwaka huu, baada ya madarasa na zahanati, tumeongeza fungu dogo la kutengeneza vyombo vilivyopo na kununua vipya. Bahasha yake imewekwa katikati ya kitabu hiki.

Mwenye picha ya zamani ya wapigaji, wa kanisa, wa beni, wa malipenga au wa dansi, aje nayo siku hiyo, na nyuma yake aandike majina anayoyakumbuka. Tutainakili na kumrudishia hapo hapo.