Namba za Magari ya Jeep

Tangu mwaka wa 1941 hata 1945 viwanda viwili vya Marekani, Willys na Ford, viliunda magari ya Jeep zaidi ya 600,000 kwa ajili ya vita. Yafanana mno, maana ilitakiwa vipuri vya gari moja viingie katika jingine. Basi asiyejua hukitazama kibati kilicho ndani ya gari, akaridhika. Lakini kibati hung'olewa kwa bisibisi, na siku hizi vipya vyauzwa!

Fundi huinama chini. Willys waliiweka namba, yenye herufi MB, katika bamba lililopigwa ribiti ndani ya fremu, mbele, upande wa kushoto. Ford waliigonga katika chuma chenyewe cha fremu, pamoja na herufi GPW, na namba iyo hiyo katika injini. Ukiona za Ford hazipatani, usifanye haraka kumwita mwuzaji mwongo, kwa kuwa karakana za jeshi zilibadili injini nyingi. Na ikiwa kutu imekwisha kuila namba, utazame upau ukingamao mbele ya fremu: ule wa Willys ni mviringo kama bomba, wa Ford una pembe. Tena bolti nyingi za Ford zina herufi F.