Njia ya maduka ya Bagamoyo

Merikani nyingi waliyovaa wazee wetu wa Maniema na wa kando ya Tanganika ilitoka mbali sana, katika njia moja nyembamba ya maduka: njia ya Bagamoyo, pwani ya Tanzania. Inafaa tujue habari zake.

Hapo kwanza Bagamoyo palikuwa kijiji cha wavuvi na wapika chumvi. Maji ya pwani yake ni machache, meli kubwa haiwezi kukaribia. Lakini majahazi yalifika bila taabu, na kisiwa cha Unguja kiko mbele yake. Kwa hiyo, katika karne ya 19, biashara ya pembe ilipokua, Wahindi wakaja kujenga maduka, wakiufuata ukingo wa bahari. Njia yao inaitwa India Street hata leo. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, milango ya kuchongwa kwa ufundi. Chini duka, juu makao, mbele baraza ya kukalia na kupatana bei.

Sasa sikieni namna ya kazi yao. Mwenye duka alimkopesha mkubwa wa msafara majora ya merikani na kaniki, ushanga, na waya wa shaba. Vitu hivyo ndivyo vilikuwa fedha za bara. Mkubwa yule akaondoka na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi, mpaka Tabora, mpaka Ujiji. Wengine wakavuka ziwa kuja kwetu. Waliporudi, pengine baada ya miaka, pembe zilipimwa kwa mizani, na deni likalipwa. Mizani ile ilipima pembe tu. Haikupima vijiji vilivyochomwa moto huku ili zipatikane, wala watu walioshushwa pwani pamoja nazo, shingoni minyororo.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuja kukaa hapo mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa kwa fedha, wakawajengea kijiji chao. Tena mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walipita Bagamoyo, wakatafuta wapagazi na vitambaa vya safari kama misafara mingine yote. Na mwaka 1885 wenzao wakapokea Mpala. Basi Injili ilipanda kwa njia ile ile walioshukia wazee wetu wamefungwa. Jambo hili hunisumbua, wala sioni faida ya kulificha.

Mfanya biashara mmoja Mhindi, Sewa Haji, alitajirika sana kwa kuwapatia Wazungu mizigo na wapagazi. Huyu, mwaka 1896, alitoa nyumba ya ghorofa iwe shule, akitaka watoto wasibaguliwe kwa rangi. Alikufa mwaka uliofuata.

Vita vya Abushiri na Wadachi, miaka 1888 na 1889, viliumiza mji, na watu wengi walikimbilia misioni. Mwaka 1891 Wadachi wakahamisha makao ya serkali Dar es Salaam, penye bandari ya maji marefu. Hata hivyo maduka hayakufa, kwa maana wapagazi walikuwa wakifika bado. Kilichoyaua ni reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upande wetu reli ya Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Nani tena atamlipa mtu abebe mzigo miezi mitatu? Wenye maduka wengi wakaifuata reli. Waliobaki waliuza samaki, nazi, kanga na mafuta ya taa.

Nyumba ya matumbawe isipopakwa chokaa mpya hunyonya mvua, boriti zikaoza, dari ikaanguka. Ndivyo zilivyobomoka nyingi. Mwaka 1971 serkali ya Tanzania ilitwaa nyumba nyingi za kupangisha katika inchi yote, na Wahindi wengi wakahama.

Tangu 1981 Bagamoyo pana chuo cha sanaa, na watalii huja. Nyumba chache zimetengenezwa. Nyingine ni ukuta mtupu unaotazama bahari. Katika njia ile ya maduka leo mtu hununua picha za rangi, na vinyago vya mpingo. Pembe hazimo: mataifa yalipatana mwaka 1989 kukataza biashara yake.