Unataka Kuwa Injinia wa Miradi ya Mitambo? Soma Hii Kabla Ujaze Fomu ya KUCCPS

Ukiambia watu wa mtaa unasomea uinjinia wa mitambo, wa kwanza atakuletea Probox yenye injini inagonga. Sawa, gari pia ni mitambo. Lakini kuna upande wa hii kazi wenye hauongelewi sana: injinia wa miradi. Huyu ndiye msee anahakikisha pampu, lifti, boila na mabomba ya mvuke yametoka kwa mchoro hadi yakawaka, ndani ya bajeti na kabla ya tarehe iliyo kwa kandarasi. Kama unaipigia hesabu, hii hapa njia yote.

KAZI YENYEWE NI GANI?

Chukua jengo la ghorofa 20 pale Upper Hill. Maji hayapandi yenyewe. Kuna pampu, matangi, mabomba ya kuzima moto, lifti, na feni za kutoa moshi besimenti. Injinia wa miradi anasoma michoro, anakagua BQ, anasaka kotesheni, anaagiza vifaa, anapanga mafundi na kuandika ripoti za kila wiki. Mwisho anafanya majaribio. Mabomba, kwa mfano, yanajazwa maji na kupigwa presha kushinda ile yatatumia, mara nyingi mara 1.5, ndio ujue penye panavuja kabla dari ifungwe.

Sasa cheki hesabu yenye inakulisha. Tuseme pampu ya ng'ambo inachukua wiki 10 kiwandani, 5 kwa meli, na 2 kutoka bandari ya Mombasa hadi saiti. Jumla ni 17. Kama saiti inaihitaji wiki ya 30, oda inafaa kuwa imeenda wiki ya 13. Ukilala hadi wiki ya 20, pampu inafika wiki ya 37. Hizo ni wiki 7 mafundi wanalipwa wakikaa, na mwenye jengo anakata pesa za kuchelewa.

Kuna mtego mwingine. Bidhaa nyingi zinazoingia Kenya lazima zikaguliwe huko zinatoka, chini ya mpango wa KEBS unaoitwa PVoC, zipewe cheti. Mzigo ukifika bandarini bila hicho cheti, pesa za storeji zinaanza kuhesabika. Hiyo siku mdosi hatauliza ulipata GPA gani.

NJIA YA DIGRII

Digrii ya uinjinia Kenya ni miaka 5. Chini kabisa unahitaji C+ kwa KCSE, lakini ukweli ni kwamba ushindani huwa unapeleka alama juu sana, na hesabu, fizikia na kemia ndizo zinabeba. Vyuo vinavyofunza kozi ya mitambo ni kama UoN, JKUAT, Moi na Dedan Kimathi pale Nyeri.

Hapa ndipo watu huchomeka. Bodi ya Mainjinia, yaani EBK, huidhinisha kozi moja moja. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na kozi unayoitaka isiwe kwa orodha. Ukimaliza miaka 5 kwa kozi yenye haijaidhinishwa, unaweza kunyimwa usajili, na Sheria ya Mainjinia ya 2011 hairuhusu mtu asiyesajiliwa kujiita injinia. Fikiria mzazi ameuza ng'ombe, wewe una deni la HELB, na mlango umefungwa. Orodha iko kwa tovuti ya EBK. Ni bando ya bob 20 tu. Icheki kabla ujaze fomu.

Ukifuzu, unasajiliwa kwanza kama injinia mhitimu. Baada ya angalau miaka 3 ya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa kikamilifu, unaandika ripoti, unaingia intavyuu, na ukipita unakuwa injinia kamili. Kwa hivyo andika kila kazi umefanya kwa daftari, na tarehe, na uombe msimamizi asaini hapo hapo. Msee akihamia Dubai, kumtafuta baada ya miaka 2 ni kazi ingine.

NJIA YA DIPLOMA

Ulipata C-? Haujaisha. Hiyo inakuingiza diploma kwa taasisi kama Kabete National Polytechnic au Kisumu National Polytechnic. Ukimaliza, bodi yako ni KETRB, iliyoundwa na sheria ya 2016, na ndiyo husajili matekinolojia, mafundi sanifu na mafundi. Kama ulijifunzia kazi jua kali, NITA hutahini kwa gredi, kuanzia III hadi I.

Kwa saiti, mtu wa diploma anaweza kusimamia timu na ratiba fiti kabisa. Hautaruhusiwa kujiita injinia hadi usome digrii, lakini ukienda digrii ukiwa umeshika spana, wenzako watakuuliza maswali.

VITU ZA KUANZA LEO

1. Jifunze Excel hadi ikuchoshe, halafu AutoCAD na MS Project.

2. Tafuta atachimenti mahali mitambo iko kweli: viwanda vya Athi River na Industrial Area, sukari huko magharibi, au mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha. Omba mapema, nafasi huisha.

3. Soma sheria ya usalama kazini ya 2007. Msee akianguka kutoka kwa jukwaa, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa anasimamia.

4. Jifunze kuandika barua pepe fupi. Nusu ya kesi za saiti huamuliwa na nani aliandika nini, na lini.

UKWELI BILA CHUMVI

Kazi nyingi za miradi ni za kandarasi. Mradi ukiisha, hata mshahara umeisha, na unaweza kukaa miezi ukisaka ingine. Weka akiba ukiwa na doh. Na usimdharau fundi wa saiti. Wewe una mchoro, yeye anajua kwa nini hilo bomba halitapita hapo. Ukimsikiza, mtamaliza mapema, na mradi unaofuata atakupigia simu yeye mwenyewe.