Mbeleko: Habari za Nguo ya Kumchukulia Mtoto

Mtu akisimama dikoni Mbuchi alfajiri, wakati wa mavuno ya mpunga, atawaona wanawake wakiingia mitumbwini na vikapu vyao, na wengi wao wana mzigo mwingine mgongoni, usiotuliwa chini hata jua lipande juu ya mikoko. Mzigo huo ni mtoto, na nguo inayomshika ni mbeleko. Wageni waandikapo habari za delta yetu ya Rufiji hupenda kutaja manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa humu mwezi wa Julai 1915. Ni habari kubwa, hatukatai. Lakini manowari ile haikutimiza hata mwaka mmoja katika mito yetu kabla ya kuangamia, na mbeleko imekuwapo tangu enzi za bibi za bibi zetu. Basi tumeona vema kuieleza.

Kwanza jina lenyewe. Kubeleka, au kueleka kama wasemavyo wengine, ni kumchukua mtoto mgongoni au ubavuni kwa nguo. Katika desturi za ndoa za pwani, mbali na mahari, baba wa msichana hupewa kilemba, na mama hupewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko ni ile aliyombebea mtoto. Maana yake, kijana huja kulipa nguo iliyochakaa kwa ajili ya mke wake miaka mingi kabla yeye hajamjua. Siku hizi hutolewa fedha, na vijana husikika wakinung'unika kwamba wakwe wameongeza mambo. Wangejua maana yake, labda wangenung'unika kidogo zaidi.

Nguo hiyo ilitoka wapi? Bara, penye ng'ombe na mbuzi wengi, akina mama walitumia ngozi iliyolainishwa kwa mafuta. Pwani watu walijua pamba tangu zamani sana: huko Kilwa, kusini mwa delta, wachimbaji wa magofu wameokota vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, ambavyo wasokotaji walivitia katika vijiti vya kusokotea uzi, navyo ni vya karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Lakini nguo ya kufumwa kwa mkono ilikuwa kazi ya siku nyingi, wala si kila mama aliyeweza kupata moja ya kuharibiwa na mtoto.

Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem zikaleta nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi, ambayo watu waliiita merikani. Majahazi yaliyokuja delta kuchukua boriti za mikoko na mpunga yalileta nguo hizo. Merikani mpya ilikuwa ngumu kwa wanga iliyotiwa, ikamkwaruza mtoto mapajani. Ilipofuliwa mara nyingi ndipo ilipofaa. Vita vya wao kwa wao vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 vikazuia pamba, na nguo za Uhindi na za Uingereza zikapata nafasi. Tena ilikuwapo kaniki, nguo ya buluu iliyokoza, ya bei nafuu, yenye rangi iliyotoka kwa jasho.

Hapo twapenda kukaa kidogo. Merikani na kaniki ndizo nguo walizovaa watumwa na maskini. Mwanamke mtumwa alimfunga mwanawe kwa kipande kile kile alichojifungia mwenyewe, maana hakuwa na cha pili. Katika miaka ya mwisho ya karne ile ikatokea kanga, ambayo Mombasa huitwa leso, jina la Kireno la kitambaa cha mkono. Kwa kuwa wanawake wa mwanzo walishona pamoja vitambaa sita vya namna hiyo wakapata nguo moja pana. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki wakashika kanga. Na kanga huuzwa doti, yaani mbili. Mwenye doti ana moja ya kuvaa na moja ya mtoto. Kwa mama aliyezoea kipande kimoja, hilo halikuwa jambo dogo. Baadaye kanga zilitoka Uhindi, Ulaya na Japani, na tangu mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kikazichapa hapa kwetu.

Kulikuwa na wakati ambapo watu waliosoma waliona haya kwa mbeleko. Wazungu wengi walileta fikira kwamba mtoto wa watu wastaarabu husukumwa katika kigari, na sisi wenyewe tuliwahi kuambiwa na mwalimu mmoja kwamba kubebwa mgongoni hupinda miguu. (Kigari hicho kingepitaje katika matope ya Mbuchi, hakutueleza.) Lakini dunia imerudi nyuma kuitazama nguo yetu. Ann Moore, mwuguzi Mmarekani aliyefanya kazi Togo, aliwaona akina mama wa huko, akatengeneza mfuko wa kumbebea mtoto, akapata hati ya ubunifu wake mwaka 1969. Madaktari wa Malawi nao wameona kwamba nyonga za watoto wa huko ni nadra kuteguka, nao wadhani sababu ni kule kubebwa miguu ikiwa imepanuliwa.

Lililo kubwa zaidi lahusu watoto njiti. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, daktari Edgar Rey, kwa uhaba wa mashine za kutia joto, aliwaweka watoto hao kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 zikatolewa habari za majaribio yaliyofanywa katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Katika wale waliongoja kwanza wapate nafuu kabla ya kuwekwa kifuani, walikufa karibu 157 katika kila 1,000 kabla ya siku 28; katika wale waliofungwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 120. Wasomaji wetu waliowahi kuzika mtoto wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, maana katika kufunga twakosea. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza, na kwa wengi hukaza mwezi wa tatu au wa nne, afaa kubebwa mbele, wima, mama amwone uso, na kidevu kisilale kifuani, kwa sababu pumzi zake ni nyembamba. Nguo iwe pana, ya pamba, iliyokwisha kufuliwa. Ifike kutoka goti hata goti, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Iwe imekaza: mtoto akiteleza chini, nguo haikufungwa.

Na kosa letu kubwa ni kufunika kichwa. Msimu mmoja tulivuka mto pamoja na mama mmoja aliyekuwa akienda dunguni kwake kuwinga ndege. Mtoto alibelekwa na dada yake, msichana wa miaka minane hivi, naye kwa kuogopa jua alikuwa amemfunika gubigubi. Katikati ya mto tukaona kimya kimezidi. Mama alipofunua, mtoto alikuwa amelowa jasho, midomo imebadilika rangi. Alipigwa na upepo, akavuta pumzi, akalia, na mpiga kafi akaanza tena kuvuta. Mama akaitwaa ile kanga, akamfunga mwanawe kifuani pake mwenyewe, na safari hii nguo ikaishia mabegani.