Beyer, Peacock na Kampuni

Beyer, Peacock na Kampuni ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyounda vichwa vya garimoshi. Ilianzishwa mwaka 1854 huko Gorton, Manchester, na Charles Beyer, mtoto wa mfumaji kutoka Saxony, Ujerumani, pamoja na Richard Peacock na Henry Robertson. Miaka 10 baadaye vichwa vyake vilikuwa vinavuta abiria chini ya ardhi jijini London.

Afrika Mashariki inaikumbuka kwa Garratt, muundo wa kichwa cha garimoshi ulioombewa hataza mwaka 1907 kwa jina la mhandisi Herbert William Garratt. Boila hukaa katikati, juu ya fremu iliyoegemezwa kwenye injini mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na kila injini hujipinda yenyewe kwenye kona. Chini ya boila hakuna magurudumu, kwa hiyo inaweza kuwa fupi na nene, na tanuri lake likawa pana. Uzito nao hugawanywa kwenye ekseli nyingi. Wengi husifu ukubwa wa Garratt, lakini sifa yake hasa ni hiyo ya mwisho: wakoloni walitandika reli nyepesi za upana wa mita 1, zenye kona na miinuko, kisha wakataka zibebe shehena nzito.

Reli ya Kenya na Uganda ilipata Garratt za kwanza mwaka 1926. Tanganyika ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo njia ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, ilikuwa ikisafirisha pamba ya Usukumani.

Kilele kilikuwa daraja la 59: vichwa 34 vya mwaka 1955 na 1956, kila kimoja tani 252 hivi, vikichoma mafuta mazito kati ya Mombasa na Nairobi. Hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi kilichowahi kupita kwenye reli ya mita 1.

Dizeli ilipoenea, kampuni ilijaribu kuunda vichwa vya aina hiyo, ikashindwa, ikafungwa mwaka 1966. Vichwa vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima. Viwili vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania.