Wakati Uliopita katika Masimulizi ya Kiingereza
Kiingereza cha kale, kile cha utenzi wa Beowulf ulionakiliwa yapata mwaka 1000, kilikuwa na nyakati mbili tu za kitenzi: uliopo na uliopita. Msimulizi aliyetaka kurudi nyuma zaidi ya tukio alilokuwa akilieleza mara nyingi alitumia wakati uleule uliopita, akiongeza kielezi chenye maana ya "kabla". Kazi hiyo baadaye ilichukuliwa na "had".

Vitenzi vyenyewe navyo vilibadilika. Vingi vilivyokuwa vikigeuza irabu ya shina vilihamia kwenye "-ed". Shakespeare bado aliandika "holp" mahali ambapo leo huandikwa "helped".

Umbo la tendo linaloendelea lilichelewa zaidi, hasa katika kauli ya kutendwa. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 kawaida ilikuwa kusema "the house was building", kana kwamba nyumba inajijenga. "Was being built" ilipoingia, baadhi ya wanasarufi wa karne ya 19 waliishutumu vikali, lakini wapi.

Waandishi wa riwaya walirithi maumbo yote hayo. Katika Bleak House ya 1852 hadi 1853, Dickens aligawa kazi: Esther Summerson anasimulia kwa wakati uliopita, msimulizi mwenzake asiye na jina kwa wakati uliopo.